Pawalifti na kutunisha misuli: nilivyozichanganya

Nilianza kunyanyua vyuma nikitaka mabega yaonekane. Nguvu nilizipenda baadaye, nilipomwona dada mmoja wa jimu yetu ya Kinondoni, mwembamba kuliko mimi, akiinua kutoka chini mzigo ambao mimi nisingeweza hata kuusogeza. Tangu hapo nafanya mitindo yote miwili, pawalifti kwa nguvu na kutunisha misuli kwa umbo, na kila nikiulizwa tofauti yake huanza na benchi, yaani kulala chali na kusukuma nondo juu, kwa sababu hapo inaonekana wazi kuliko popote.

Pawalifti ina manyanyuo matatu tu: skwati (kuchuchumaa na kusimama ukiwa na nondo mabegani), benchi na dedilifti (kuinua nondo kutoka chini). Mashindanoni unapewa majaribio matatu kwa kila moja, unajumlishiwa yale mazito uliyofaulu, na waamuzi ni watatu. Kila mwamuzi huwasha taa, nyeupe ikiwa umefaulu, na nyeupe mbili zinatosha. Kwenye benchi nondo inashuka, inatulia kifuani, unasubiri amri ndipo usukume. Hakuna anayeangalia kifua chako kina umbo gani. Kwa hiyo mnyanyuaji mwerevu anafupisha njia ya nondo. Anapanua mikono, anabana mabega nyuma, anapinda mgongo ili kifua kiinuke kuifuata nondo. Watu walipinda mpaka nondo ikawa inasafiri sentimita chache, na mwaka 2023 shirikisho la kimataifa, IPF, likaweka sharti kwamba viwiko navyo vishuke angalau usawa wa mabega. Sharti lenyewe linakuonyesha akili ya mchezo: kila anayeshindana anatafuta njia fupi iliyo halali.

Anayetunisha misuli anatafuta njia ndefu. Anashusha taratibu, anaacha msuli uvutike, anapandisha bila kupumzika juu. Mara nyingi anaiacha nondo kabisa na kushika dambeli, vyuma vifupi vya kushikwa kimoja kila mkono, maana zinashuka chini zaidi ya kifua. Kilo zikipungua hajali, mradi kifua ndicho kilichofanya kazi. Nilipoelewa hilo niliacha kujilinganisha na kaka waliokuwa wakisukuma kilo nyingi kando yangu. Tulikuwa tunafanya vitu viwili tofauti juu ya benchi moja.

Jinsi nilivyozichanganya: naugawa mwaka. Kuna miezi ya nguvu, ambapo kila siku ya mazoezi huanza na nyanyuo moja kubwa, seti, yaani mizunguko, za kunyanyua mara tatu hadi tano kila moja, kwa mzigo wa asilimia 80 hadi 90 ya ule ninaouweza mara moja tu. Napumzika dakika tatu hadi tano kati ya seti. Kisha ipo miezi ya misuli: mara nane hadi kumi na tano, mapumziko ya dakika moja au mbili, mazoezi ya aina nyingi, na kila msuli unapata seti kumi hadi ishirini kwa wiki. Miezi hiyo napenda sana kufanya mazoezi ya kuvuta ya mgongo na kufanyia kazi nyuma ya paja, sehemu ambazo wengi wanaziacha kwa kuwa haziko kwenye kioo.

Mapumziko marefu ndiyo yaliyonipa kazi kubwa. Jimu ya mtaani ina nondo chache, na mtu akikuona umekaa dakika tano anadhani umemaliza. "Dada, tayari?" "Bado seti mbili kaka, karibu tupokezane." Kupokezana kulinisaidia kuliko saa yoyote, kwa sababu wakati mwenzangu anafanya zake na tunabadilisha vyuma, muda wangu unatimia wenyewe.

Tatizo la pili lilikuwa vyuma vyenyewe. Kwetu vingi ni gia za magari na zege lililomwagwa kwenye makopo, na havina namba. Kwa kutunisha misuli hilo halina shida. Ukichoka ukifika mara ya kumi, umechoka, uzito uitwe vyovyote. Pawalifti inadai namba. Huwezi kuongeza kilo mbili na nusu kwenye mzigo usioujua. Niliomba ruhusa, nikabeba vyuma kidogo kidogo hadi duka la nafaka la jirani, na mzee mwenye mizani akanipimia bila malipo. "Binti yangu, hizi nazo unauza kwa kilo?" Nilipaka kila kimoja namba kwa rangi nyeupe. Kumbe viwili vilivyodhaniwa pacha vilipishana karibu kilo nne, na watu walikuwa wakiviweka pande mbili za nondo moja!

Misimu hii miwili ya tabia tofauti inalishana. Nguvu za mwanzo hutoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu: mwili unajifunza kuita nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja. Ndiyo maana anayeanza anapanda haraka wakati umbo bado ni lilelile. Baadaye kasi hiyo inapungua, na cha kupandisha kikomo ni msuli mkubwa zaidi. Kwa upande wa pili, skwati ya kilo 60 niliyokuwa naimudu mara tano, baada ya miezi ya nguvu niliifanya mara kumi, na mapaja yakapata kazi ambayo zamani nisingeweza kuyapa.

Wakubwa waliijua njia hii. Franco Columbu, mzaliwa wa Sardinia, alipitia pawalifti kabla ya kuchukua Mr. Olympia, taji kubwa la kutunisha misuli, mwaka 1976 na tena 1981. Ronnie Coleman, aliyelichukua taji hilo mara nane mfululizo kuanzia 1998, alikuwa akifanya dedilifti ya pauni 800, karibu kilo 363, mara mbili kwa seti moja.

Chakula hakibadiliki sana kati ya misimu: gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili, nami nazipata kwa mayai, maharage, maziwa na dagaa. Kinachobadilika ni ujumla wa chakula. Nikitaka misuli ichoreke napunguza wali na mafuta, na hapo benchi yangu ndiyo hushuka ya kwanza. Kwa hiyo sikati mafuta katika miezi ya nguvu, hata harusi ikiwa karibu. Shangazi alihofia nitageuka dume. Nilimweleza kwamba homoni za mwanamke haziachi misuli ifumuke hivyo, akaniambia basi nimsaidie kuhamisha kabati.

Sasa niko mwishoni mwa miezi ya misuli. Wiki ijayo napumzisha mwili kwa mizigo nusu, halafu skwati inarudi kwenye mara tano, na ningependa kuanzia kilo 75.