Riwaya yako imeshatoka? Basi ipeleke kwenye tuzo

Waandishi wenzangu hili naomba niliseme maana linaniuma kweli. Wengi wanadhani kitabu kikishachapwa ndo basi tena, tuzo ni za miswada tu, kumbe sivyo. Chukua ile ya Safal-Cornell, tuzo ya fasihi ya Kiswahili, ilianzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea miswada lakini pia riwaya zilizochapwa ndani ya miaka miwili kabla ya mwaka wa tuzo, na mshindi wa kwanza wa riwaya anapata dola 5,000. Miaka miwili inapita fasta mno jamani! Fungua ule ukurasa wa mwanzo penye ISBN (ile namba ya utambulisho wa kitabu) na haki za mchapishaji, angalia mwaka ulioandikwa pale, usihesabu kuanzia siku ya uzinduzi.

Halafu kuna zile ambazo mwandishi huingii mwenyewe. Tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta kule Kenya, kitabu hupelekwa na mchapishaji, Booker ya Uingereza hivyo hivyo, tena hiyo ukijichapisha mwenyewe hawakupokei kabisa. Mi naona hapa ndo wengi wetu tunaachwa, kwa sababu mchapishaji ana vitabu kibao na chako ni kimoja tu mle ndani, asipokumbushwa atakisahau. Mpigie simu, muulize, kaka hiki changu mwaka huu mnakipeleka? Nakala zipo stoo au zimeisha? Na kama mkataba bado hujasaini, iandikwe kabisa mle nani anatoa nakala za majaji na nani anazituma.