Deni la Shilingi 20,584

Mwaka 2019 mwenye duka la jumla karibu na soko la Kibuye, Kisumu, aliniita kwa sababu ya deni. Mteja aliyechukua bidhaa za shilingi 4,200 alionekana kwenye kompyuta akidaiwa 20,584. "Kijana wangu," mzee akaniuliza, "huyu karani ananiharibia jina kwa wateja?"

Nilitoa hesabu: 16,384, yaani 2 kwa kipeo cha 14. Karani hakosei hivyo. Kidole kikiteleza huongeza sifuri. Hapa biti moja tu, ile tarakimu ya 0 au 1 ambayo kompyuta huhesabia, ilikuwa imegeuka kutoka 0 kuwa 1.

Seva yao ilikuwa kompyuta ya kawaida ya mezani, yenye prosesa ya Core i5 na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8, inayowaka usiku na mchana. Niliiwasha kwa flashi ya Memtest86+, programu ya kupima RAM, nikaiacha hadi asubuhi. Nilikuta makosa yamejaa skrini, na kila mstari biti mbovu imeandikwa 00004000. Hiyo ndiyo 16,384 kwa hesabu ya besi 16.

Kubadilisha RAM peke yake kungemsaidia kwa muda. Lakini RAM ya kawaida hubeba biti 64 bila mkaguzi. Ikikosea hukosea kimya, na nakala ya akiba ya jioni huhifadhi kosa lilelile. RAM ya ECC, ile inayojirekebisha makosa, huongeza biti 8 za ukaguzi kwa kila 64. Moja ikigeuka, inarekebishwa papo hapo. Zikigeuka mbili, kosa linatangazwa. Bodi ya Core i5 ile haikuikubali.

Tukanunua kompyuta ya HP Z420 iliyotumika, yenye prosesa ya Xeon E5-1620, inayokubali ECC, na hapo mimi nikateleza. RAM niliyoongeza ilikuwa ya ECC kweli, lakini kibandiko chake kilisoma 12800R. Taa nyekundu ikapepesa mara 5, milio 5, kimya cha sekunde 2, kisha tena. Z420 inataka 12800E. Kuhesabu chipu hakutoshi: ya kawaida ina 8 upande mmoja, ya E ina 9, na ya R nayo ina hizo 9 pamoja na moja ndogo katikati. Soma herufi ya mwisho kabla ya kulipa.

Mashine hizi zina kero zake. Xeon hiyo haina picha yake yenyewe, bila kadi skrini ni giza. Pawa saplai ina umbo la HP, si ile utakayookota duka lolote mjini, na stima inakula zaidi. Kwa barua na intaneti, Core i5 inatosha kabisa.

Tulilinganisha madeni na risiti za karatasi kwa siku 3, tukapata mengine mawili yaliyozidi kwa 16,384.

Wiki kadhaa baadaye nilifungua Linux, mfumo endeshi, nikasoma ce_count, kihesabio cha makosa yaliyorekebishwa. Kilikuwa 1.

"Hilo ni deni la nani?" mzee akauliza.

"La yeyote, mzee. Halikufika daftarini."