Idd Tuliyoswalia Sebuleni

Nyumbani kwetu Malaba, upande wa Uganda, kazi za Idd ziligawanywa kabla sijazaliwa. Wanaume huenda uwanjani kuswali, wanawake hubaki na masufuria. Hakuna aliyetukataza kwenda. Ila pilau haijipiki, na mtu akitoka kuswali anataka kukuta sinia limeshajaa. Nikafika miaka ishirini na kitu sijawahi kuswali Idd hata mara moja. Mimi Idd niliijua kwa harufu.

Mwaka 2020 ndio uliovuruga utaratibu huo. Tarehe 18 Machi rais alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa ibada za pamoja, na siku tatu baadaye akapatikana mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Mwezi haujaisha, magari ya abiria yamesimamishwa, ya binafsi yamefuata, na kafyu inaanza saa moja jioni. Wa kwanza kuonja sikukuu ya kufungiwa walikuwa majirani zetu Wakristo. Pasaka iliangukia tarehe 12 Aprili. Mama mmoja Mkatoliki tuliyepakana naye ukuta alifungulia redio sauti ya mwisho, uwanja mzima ukasikiliza misa, tukiwemo sisi tuliokuwa tunachambua mchele. Bibi akamwambia kupitia dirishani, "Haya, nyinyi mmemaliza. Zamu yetu inakuja."

Ilikuja, tena na nongwa yake. Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu, Mombasa hadi Kampala. Mizigo haikuzuiwa kuvuka mpaka, kwa hiyo yeye aliendelea na kazi wakati wengine wamekaa. Mwanzoni tulijiona tuna bahati. Halafu wakaanza kuwapima madereva mpakani, na kila Wizara ya Afya ilipotoa hesabu ya wagonjwa wapya, wengi wao walikuwa madereva wa malori. Hatukuhitaji redio kulijua hilo. Tulilijua pale bombani. Siku moja dada mmoja tuliyezoeana naye alimwomba Mama asogeze madumu yake pembeni, wenzake wachote kwanza, "maana kwenu kuna dereva." Baba wakati huo alikuwa hajatia mguu nyumbani wiki kadhaa. Mama alisogeza madumu, akangoja, akachota wa mwisho, akarudi nyumbani hasemi. Mimi ningesema. Bado nina maneno yangu ya siku ile, sijayatumia.

Kutofika kwa Baba nyumbani kulituathiri hata mezani. Nazi hazioti Malaba. Zetu zilikuja na lori, pamoja na tende, iliki na bizari ambayo Bibi huagiza kwa muuzaji mmoja tu huko Mombasa. Ramadhani ile tulifuturu kwa uji wa mtama, chai na viazi vitamu, na maharage yaliyoungwa kwa karanga. Si chakula kibaya hata kidogo, lakini Bibi, mtu wa Majengo ya Mombasa aliyeletwa huku na ndoa, alikila kama mtu anayesaini karatasi asiyokubaliana nayo.

Idd ilipangwa Jumapili, tarehe 24 Mei. Kulikuwa na habari kwamba kuanzia tarehe 26 magari binafsi yangeruhusiwa tena, isipokuwa wilaya za mpakani, yaani sisi. Siku hizo foleni ya malori upande wa Kenya ilikuwa imerudi nyuma kilomita nyingi kuelekea Bungoma, kila dereva akisubiri kupimwa na kisha kusubiri majibu. Baba alikuwa humo. Kwa usiku mtulivu ungeweza kusikia honi za upande ule wa daraja ukajiuliza ipi ni yake.

Jioni ya kuamkia Idd kulikuwa na jambo moja la haraka: zaka ya fitri, ambayo inatakiwa itoke kabla ya swala. Bibi alitoa kibaba chake cha bati kilichobonyea mdomo, akakaa chini, akapima mwenyewe. Vibaba vinne ni pishi moja, pishi moja kwa kila kichwa, na Baba alihesabiwa ingawa hayupo. Alikuwa anajaza mpaka mchele unafanya kichuguu, anapitisha kiganja juu kusawazisha, kisha anaongeza ngumi moja "ya kufidia bonde." Kawaida mchele ule hupelekwa msikitini. Safari hii msikiti una kufuli, basi mdogo wangu akatumwa mbio kabla ya saa moja kwa mwalimu wa madrasa. Mwalimu yule alikuwa akiishi kwa ada za watoto, na watoto hawakuwa wamesoma tangu Machi. Mdogo wangu alirudi akasema mwalimu ameupokea mfuko mlangoni, kauliza kwanza nani ataswalisha kwetu.

Swali hilo hatukuwa tumelifikiria. Mwanaume pekee ndani ya nyumba alikuwa ni yeye mwenyewe aliyetumwa, miaka kumi na mitano, sauti inapasuka katikati ya sentensi. Bibi akamwita, "Mume wangu, njoo hapa." Humwita hivyo tangu azaliwe. Akamkalisha akamfundisha: rakaa mbili, ya kwanza takbira saba, yaani Allahu Akbar saba, baada ya ile ya kufungia swala, ya pili takbira tano. Hana adhana wala ikama. Tulilala tunamsikia chumbani anahesabu.

Asubuhi tukatoa makochi nje, tukatandika mikeka miwili na kanga juu ya pale palipotoboka. Pilau tulikwisha kuipika alfajiri. Ilikuwa jikoni imepaliwa makaa juu ya mfuniko. Mdogo wangu akasimama mbele na kanzu ya Baba, mikono ameikunja mara mbili. Nyuma yake Mama, mimi na dada yangu mdogo, na Bibi juu ya kigoda kwa sababu ya magoti.

Akaanza vizuri. Takbira ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliona vidole vyake vinajikunja ubavuni kimoja kimoja. Alipomaliza kiganja kizima, yaani tano, akavuta pumzi akaanza Alhamdu, yaani Fatiha. Papo hapo nyuma yangu nikasikia pa! Bibi kapiga kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili, ndivyo mwanamke anavyomzindua imamu. Mtoto akanyamaza. Pa! tena. Akasimama hivyo, shingo imekakamaa, hajui kosa liko wapi. Ya tatu ilikuwa mbili mfululizo, pa-pa, na hapo akaelewa: zimebaki mbili. Akazitoa, akarudia Alhamdu mwanzo, akasoma sura ya Sabbihisma bila kukwama popote. Rakaa ya pili alisoma Kulhuwallahu, sura fupi, nadhani ili afike salama.

Baadaye shehe mmoja aliniambia takbira zile ni sunna, si lazima, na ukishaanza Fatiha hurudi nyuma kuzifuata. Nilimfikishia Bibi. Akasema shehe huyo hakuwepo.

Hotuba hatukupanga, lakini tulipotoa salamu Bibi hakunyanyuka. Akaanza kusema, tena kwa sauti ya mimbari. Alimtaja babu, akataja deni la shilingi fulani ambalo shangazi hajalipa, akamwambia mdogo wangu asivae kanzu ya mtu bila kuikata mikono. Mwisho akamgeukia Mama: sahani ya kwanza iende kwa yule dada wa bombani.

"Sahani nitapeleka, Mama," Mama akajibu. "Maneno sina."

Akaipeleka kweli, barakoa usoni, akaiweka kizingitini, akabisha, akaondoka. Sahani ilirudi jioni ikiwa na mayai manne ndani. Kwao nako maneno hayakuwepo.

Baba alipiga simu tukiwa tunakula. Kaswali peke yake kati ya tela lake na la mbele, juu ya boksi, na chakula chake cha Idd kilikuwa mkate na maziwa ya pakiti. Bibi akaomba simu. "Daraja si hilo hapo? Hushuki ukatembea?" Kila mtu Malaba anajua kuna njia za panya, na Bibi anazijua kuliko polisi. Baba akamwambia majibu ya kipimo bado, na hawezi kuja kumletea mama yake asichokijua. Mama, ambaye wiki zote zile hakuwa ametoa machozi, alitoka nje akaenda kukaa kwenye kochi, uani, chini ya jua.

Idd kubwa ya tarehe 31 Julai misikiti ilikuwa bado imefungwa, tukaswali tena sebuleni, safari hii Baba akiongoza. Aliswalisha haraka kama mtu mwenye mzigo wa kuwahi, na mdogo wangu alinong'ona kwamba yeye ni imamu bora.

Idd ya Mei 2021 uwanja ulifunguliwa. Wanaume wakavaa, wakachukua miswala. Mama akatoka chumbani na baibui lake, mimi na dada nyuma yake, Bibi na fimbo. Baba akauliza nani anabaki na chakula.

"Kimepikwa tangu saa tisa usiku," Mama akasema, akafunga mlango wa jikoni kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani.

Kule uwanjani tulipangwa nyuma kabisa, karibu na watoto na muuza maputo. Kipaza sauti kilikoroma, hotuba hatukusikia hata neno moja. Bibi alilalamika njia nzima kurudi.