Jeni moja, majina chungu nzima: kusaka makala za bayokemia ukiwa Kigoma

Mtafiti wa Kigoma akilalamika kwamba hakuna makala kuhusu jeni anayoichunguza, mara nyingi makala zipo. Alichokosa ni jina.

Chukua dawa ya SP, ile wanayomeza wajawazito klinini. Kiambato chake kimoja, pyrimethamine, hushambulia kimeng'enya cha vimelea vya malaria kiitwacho DHFR (dihydrofolate reductase). Katika Plasmodium falciparum, aina mojawapo ya vimelea hivyo, kimeng'enya hicho kimeungana na kingine ndani ya protini moja, kwa hiyo wengine huandika DHFR-TS. Hifadhidata ya jeni za vimelea hivyo, PlasmoDB, huiita jeni yake PF3D7_0417200, na makala za zamani huiita PFD0830w. Bado kuna wanaoandika jina zima la kimeng'enya. Ukitafuta kwa jina moja, umewaacha wengine wote mlangoni.

Anzia PubMed, hifadhidata ya ikisiri za makala za tiba na biolojia, ambayo ni bure tangu 1997. Yaweke majina yote ndani ya mabano, yatenganishe kwa OR, kisha ongeza kwa AND neno linalopunguza wigo, kama Tanzania. OR na AND ziwe herufi kubwa. Kila jina lifuatwe na [tiab], yaani litafutwe kwenye kichwa cha makala na kwenye ikisiri. Alama ya [mh] hutafuta kwa istilahi za MeSH, yaani maneno rasmi ya mada ambayo makala hupewa, na inafaa kwa mambo mapana kama malaria, ila makala iliyoingia majuzi huenda bado haijapewa istilahi hizo. Anayetegemea [mh] peke yake hukosa mapya. Halafu kuna mtego huu: ukiweka [tiab] au alama za kunukuu, PubMed huacha kukutafutia visawe. Kuanzia hapo visawe ni kazi yako.

Ikisiri ukishaipata, makala nzima ni safari nyingine. Angalia kwanza kama ipo PubMed Central au Europe PMC, hazina za bure za makala nzima. Huko isome kwenye ukurasa wenyewe badala ya kupakua PDF, bando litadumu. Kama haipo, nenda Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na sasa uko chini ya Research4Life. Tanzania imo kundi A, kwa hiyo taasisi hailipi kitu. Lakini anayejisajili ni taasisi, si mtu binafsi: hospitali, chuo au kituo cha utafiti. Jina la kuingilia na nenosiri viulize kwa mkutubi, au kwa yeyote anayeshika kazi hiyo. Wengi hukwama kwa sababu hubofya kiungo walichopata Google na kufika moja kwa moja kwenye tovuti ya mchapishaji, ambayo haiwatambui na inadai dola. Ingia kwanza lango la Research4Life, kisha fuata jarida kutokea humo humo. Ikishindikana, ipe Unpaywall, huduma inayosaka nakala za bure, namba ya DOI (namba ya utambulisho wa makala), au mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Wengi hutuma bila kinyongo.

Usiishie kwenye makala yenyewe. Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, mbinu ya kurudufu DNA) na joto la PCR mara nyingi vimefichwa kwenye faili za nyongeza, na hizo ndizo zinazostahili bando lako. Ukinakili praima kutoka PDF, hesabu herufi: mstari ukikatika, herufi moja hupotea au kistari huingia katikati. Ukiona R au Y usizifute ukidhani ni makosa ya chapa. R ni A au G, Y ni C au T. Kisha ziingize praima zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwenye Primer-BLAST, zana ya mtandaoni ya kupima praima, chagua Plasmodium falciparum, uone kipande kitakachotoka kina urefu gani. Ukitumia BLAST ya kawaida, praima ya herufi 20 hutoa thamani ya E (kipimo cha uwezekano wa mfanano wa kubahatisha) kubwa hata ikilingana herufi kwa herufi. Hilo ni suala la ufupi wake tu.

Penye hasara kubwa ni mfuatano wa herufi za DNA wa kulinganishia. PF3D7 inamaanisha vimelea vya aina ya 3D7, ambavyo DHFR yao haina usugu. Aina ya K1 tayari ina mabadiliko ya usugu ya C59R na S108N (S108N ni serini, S, iliyogeuka asparajini, N, kwenye nafasi ya 108 ya protini). Ukilinganisha sampuli sugu ya Kasulu au Uvinza na K1, nafasi ya 108 itafanana kabisa na utaandika kwamba hakuna mabadiliko. Kwa hiyo kabla ya kupakua, soma maelezo ya rekodi uone ni aina gani ya vimelea.

Kuhakikisha, hesabu kwa mkono. Kodoni (herufi tatu za DNA zinazotaja amino asidi moja) ya 108 huanza baada ya herufi 321, yaani ni herufi za 322 hadi 324 ukianzia A ya ATG, kodoni ya kuanzia. Kwenye 3D7 utakuta AGC, ambayo ni serini. Kwenye vimelea sugu utakuta AAC, asparajini. Ikiwa mfuatano uliopakua unasoma AAC hapo, tafuta mwingine. Na ikiwa haisomeki yoyote kati ya hizo mbili, huenda kipande chako hakianzi kwenye ATG, au umekipakua kwa mwelekeo wa kinyume.