Nilivyomwingiza kijana wangu kwenye kazi ya dobi hotelini Moshi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kazi yangu ni kuwatafutia watu wenye ulemavu ajira na kuwafundisha papo hapo kazini, kwa hiyo ninaijua vizuri, ila siingii nayo kwa meneja siku ya kwanza. Namuuliza kwanza kazi gani inamlemea. Meneja wa hoteli moja hapa Moshi alinijibu bila kufikiri: "Taulo, mama. Wageni wakishuka mlimani zinarundikana, na madobi wenyewe hawatoshi." Nikamtaja kijana ninayemsaidia, mwenye ulemavu wa akili, ambaye kwao hakuna anayemfikia kwa kupanga vitu.

Kabla hajaanza, nilikwenda mwenyewe kukunja taulo na madobi. Nawasihi wenzangu wa kazi hii msiiruke hatua hiyo. Dobi atakwambia "unakunja tu", kumbe ndani yake mna mengi: unakung'uta, unatafuta lebo, unatandaza lebo ikiwa chini, unaoanisha pindo kwa pindo, unalainisha kwa kiganja, unakunja tena, unaweka rafuni mkunjo ukitazama nje. Niliandika yote kwenye daftari.

Pagumu palikuwa kwenye lebo. Akiipata, yaliyobaki yanakwenda. Akiikosa, taulo inatoka kombo. Kwa hiyo sikumrudisha mwanzo kila mara. Niliusogeza mkono wake taratibu hadi kwenye pembe yenye lebo, bila kusema neno. Baadaye nikawa nanyoosha kidole tu, kisha nikaacha na kidole. Marc Gold, mtaalamu wa Marekani wa kufundisha watu wenye ulemavu wa akili, alifundisha kwa mtindo huo miaka ya 1970, watu walioonekana hawafundishiki wakaunganisha breki za baiskeli zenye vipande 15. Maelezo mengi yanamchosha mtu anayejifunza kwa mikono, na kwa kijana huyu nililiona hilo waziwazi.

Mshahara na usafiri havikusumbua sana. Meneja alikubali alipwe sawa na wenzake, na mama yake alipanda naye daladala mpaka akazoea kituo cha kushukia.

Kilichohitaji ustadi zaidi ni kujiondoa. Kijana alianza kunitazama kabla ya kila mkunjo, na wenzake wakiwa na neno naye wananiambia mimi. Hali hiyo ikiota mizizi, siku usipokuja na kazi haipo. Nikamwomba dobi mkubwa ndiye amwelekeze. Alisita.

"Mimi sikusomea watu wa hivi, dada."

"Na huyu mwenzako hapa, nani alimfundisha pasi?"

"Mimi."

"Basi na huyu mfundishe vivyo hivyo. Ila ukishamwonyesha, nyamaza umsubiri."

Kusubiri ndiko kulikomshinda mwanzoni. Mkono wake ulikuwa unatangulia kuichukua taulo. Nikamshauri aendelee kushika kazi yake mwenyewe, asisimame kumwangalia. Mimi nikatoka chumba cha dobi, nikawa nakaa uani, halafu nikawa napita jioni tu kuzungumza nao wote wawili.

Siku moja dobi mkubwa akanipigia simu: anataka kumwongezea kijana kazi ya foronya, je, naruhusu? Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akamuuliza nikiwa bado hewani, nikasikia amekubali. Hatua za foronya dobi amezipanga mwenyewe, na ameanza na upande wenye mdomo, kwa sababu ndiko anakoona kijana ataishika kirahisi.