Kona ya Jumapili

Jumapili, saa tatu usiku

Nimeoga, lakini grisi bado imeng'ang'ania kwenye kucha. Gari langu, Toyota IST, limenyanyuka sentimita tatu, na jioni hii limepita tuta la pale Sinza, kabla ya kuingia mtaani kwetu, bila ule mkwaruzo unaomfanya abiria akutazame kwa huruma. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja. Kupata mahali pa kuifanyia ndiko kulikonila wiki na wiki.

Mwanzoni nilidhani matairi yatatosha. Gari hili linavaa tairi za saizi ya 185/65R15. Ukipanda hadi 195/65R15, kipenyo cha tairi kinaongezeka milimita 13 tu, kutoka 621 hivi kwenda 634. Na hizo 13 zote huzipati chini ya gari. Nusu inakwenda juu, kwenye madigadi, unabaki na sita na ushee. Juu ya hapo spidomita inaanza kusema uongo wa asilimia mbili. Kwa barabara zetu za ndani, milimita sita ni mzaha. Ndipo nikaenda eneo la Gerezani hapa Dar kuchongesha spesa za alumini, vipande vya kunyanyulia gari, zile zinazokaa juu ya shokapu. Ukitumia aina hiyo hulazimiki kuikandamiza springi, na springi iliyokandamizwa ni kitu ninachokiogopa kuliko mbwa.

Ningeweza kumpa fundi yeyote akazifunga huku nakunywa soda kwenye benchi. Sikutaka. Nataka kujua kilichofunguliwa na kilichokazwa, maana anayeendesha usiku kwenda Morogoro ni mimi.

Uani kwetu tunapaki magari manne, na pevingi ni mpya. Nilimwendea mama mwenye nyumba kwa adabu zote.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kodi au na shida?"

Nikamweleza. Akalitazama gari, akazitazama pevingi zake.

"Gari lilale hapa, sikatai. Lilale. Sitaki kuliona limepasuliwa tumbo uani kwangu."

Hakukuwa na la kubishana. Nje ya geti ni mchanga. Hata ukitandika ubao chini ya jeki, bodaboda zinapita karibu na miguu yako na watoto wanageuza nati kuwa gololi. Rafiki yangu ana kiwanja Goba, kina uzio na ukimya wote unaoutaka, ila kimeinama. Gari lililo juu ya jeki kwenye mteremko halina urafiki na mtu. Kwenye kituo cha mafuta sikumaliza hata kueleza.

Zikabaki gereji, na huko ndiko nilikojifunza mengi. Mafundi si wachoyo wa nafasi. Ombi langu ndilo lilikuwa halina mahali pa kukaa. Mmoja aliniuliza, bila ubaya wowote, "Kaka, ukifanya mwenyewe, sisi tunakula wapi?" Swali la haki kabisa. Wanachouza ni mikono. Eneo ni la kusimamia tu. Tena gari likidondoka, limedondoka kwake, na habari itafika mtaa wa tatu kabla vumbi halijatua.

Halafu sakafu. Nilikuwa nauliza kila mahali kama wana kipande cha zege, hata cha kutosha gari moja. Karibu wote hawana: ni udongo uliolowa oili, mwarobaini, na kontena la vifaa. Niliona ni uzembe hadi fundi mmoja mzee aliponionyesha alama ya X, ile ya kubomolewa, ukutani kwa jirani yake. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na gereji nyingi zimekaa humo humo, kwa sababu ndiko wateja wanakopita. Nani atamwaga zege mahali anapoweza kuambiwa ahame? Kontena unalibeba. Mwarobaini utamwachia atakayekuja.

Niliyempata hatimaye yuko ndani kidogo, nyuma ya Shekilango, kwenye eneo la familia yao. Ana zege. Jumapili hafungui hadi mchana, watu wakitoka kanisani. Tulikubaliana hela ya eneo, chini kidogo ya ambayo angenitoza kwa kunifungia, na sharti moja: kijana wake akae nami. Nilidhani ni mlinzi wa spana zao. Kumbe kijana mwenyewe ndiye aliyeomba, anataka kujifunza.

Tuliweka stendi pande zote mbili, si tofali, na kabla ya kuingiza mkono tulilitikisa gari kwa nguvu. Kulia kulikwenda vizuri. Kushoto bolti ya chini ya shokapu ilikuwa imeshikana na kutu, tukaimwagia mafuta ya breki, tukaiacha, tukanywa chai, tukarudi, ikakataa, tukairudia kwa bomba refu kwenye spana. Wakati shokapu iko nje nilikagua kama paipu ya breki haitavutika gari likishakaa juu. Ina ulegevu wa kutosha. Sivijointi, vile viungo vya ekseli vinavyozungusha matairi ya mbele, nazo zimepinda zaidi kidogo kuliko zamani, ndiyo maana nilikomea kwenye tatu. Kuna watu mjini wanaweka tano, mimi siwafuati.

Usukani sasa unavuta kushoto. Nilitegemea, kwa kuwa ukinyanyua mbele pembe za matairi lazima zihame. Kesho asubuhi ni alaimenti ya kompyuta kabla ya kazi, na hadi hapo sivuki spidi 50.

Wakati wa kuondoka bosi alikuwa ameishika spana yangu ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, anaigeuzageuza. Anakaza kwa mkono tangu ujana wake na hajawahi kuhitaji kifaa cha kumwambia basi. Lakini ameniambia kona ni yangu Jumapili yoyote ninayotaka, bure, mradi nije nayo na niiache mikononi mwa vijana wake hadi saa kumi. Nimekubali. Keria ya juu inasubiri.