Siku moja maishani mwangu: nyuma ya kaunta ya baa melini

Saa tatu asubuhi. Meli yetu ya watalii imetoka Miami jana, na Cozumel, kisiwa cha Mexico, tutafika kesho. Leo ni bahari tupu, na siku kama hii watu hunywa kuliko siku zote. Nakata ndimu, najaza barafu, nawasha mashine ya kusoma kadi ambazo abiria huagizia vinywaji.

Saa tano. Wengi wana kifurushi: wamelipia kwa siku, wanaagiza wapendavyo. Ziko kampuni zilizoweka kikomo cha vinywaji 15 vya kilevi kwa saa 24, na abiria hukichukua kama haki yao. Siafiki kabisa. Mama mwembamba na baba wa miraba minne hawalingani wakifika glasi ya sita, na mashine haijui nani hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Anayejua ni mimi ninayemtazama.

Saa nane mchana. Bwana mmoja anapapasa kaunta akitafuta kadi, nayo iko chini ya kiganja chake. Jua limemchoma mabega, macho mazito. Namsogezea maji na sahani ya chipsi. "Bwana, pombe tuipumzishe kwanza." Anafoka kwamba amelipia. Ni kweli, amelipia, lakini simmiminii. Namwita msimamizi, na jina lake tunalipeleka baa nyingine, maana akipanda ngazi tu kuna kaunta ya pili na mhudumu asiyemjua. Naomba pia mlinzi amfikishe chumbani. Kumnyima pombe kisha kumwacha apepesuke peke yake kwenye ngazi, hapo hujamsaidia.

Saa kumi, mesini, tunapolia chakula wafanyakazi. Kijana wa Kilifi, mgeni kazini, ananiuliza, "Kaka, akianguka, lawama ya nani?" Namweleza kwamba kule Florida, jimbo la Marekani lenye Miami, nchi kavu, mwenye baa kwa kawaida hawajibiki mteja ambaye ni mtu mzima akilewa na kuumia, isipokuwa alimuuzia mtoto au mtu anayemjua kuwa mlevi wa kupindukia. Melini inatumika sheria ya bahari. Mwaka 2004 mahakama ya rufani ya Florida ilikataa kuitupa kesi ya abiria aliyedai aliuziwa hadi akalewa chakari, akaporomoka ngazini. Ikasema kampuni ina wajibu wa kuwa na uangalifu kwa usalama wa abiria wake. Ila tiketi nyingi humpa abiria mwaka mmoja tu wa kushtaki.

Saa mbili usiku. Foleni ndefu, muziki juu. Bakshishi inakatwa kwenye kila kinywaji, kwa hiyo mhudumu anayekataa kuuza anajikata mkate wake. Hilo linaniuma. Huwezi kumwambia mtu alinde abiria kisha umlipe kwa kumnywesha.

Saa saba usiku. Nafunga, najaza daftari la zamu. Chini yake naandika ombi langu: kadi ikifungwa baa moja ifungwe meli nzima, na mhudumu aliyekataa kumuuzia mlevi asipungukiwe hata senti.